Mlango wa Mji: Bandari, Stesheni na Kiwanja cha Ndege katika Pwani ya Tanga

Tanga ina msemo ambao watu wa miji mingine hupenda kuutumia kwa utani: waja leo waondoka leo. Wenye mji huupokea kwa kicheko, maana wajua kwamba wengi walioingia Tanga kwa nia ya kulala usiku mmoja walizikwa huko, na wajukuu wao ndio waitwao wenyeji hivi leo. Walakini pana mahali pamoja ambapo msemo huu ni kweli tupu isiyo na mzaha, napo ni kiwanja cha ndege. Hapo kila mtu huja leo na kuondoka leo. Hapana azaliwaye wala azikwaye, na hata mwenye mji akifika na mzigo wake huwa mgeni kwa muda wa saa moja au mbili. Swali ninalotaka kulichungua katika insha hii ni hili: jengo la namna hiyo, lisilo na mkazi, laweza kuwa na asili ya mahali lilipojengwa? Na kama laweza, asili hiyo itafutwe wapi?

Lililonitia katika swali hili ni mlango. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikingoja ndege katika kiwanja kimoja cha pwani yetu. Katika ukumbi wa abiria palikuwa na mlango wa nakshi, mzuri sana, wenye miimo, mfaa na kizingiti cha juu, na misumari ya shaba iliyong'arishwa. Ulikuwa umepigiliwa ukutani. Nyuma yake hapakuwa na chumba wala njia. Wageni walisimama mbele yake wakapigwa picha. Nje ya ukumbi, juani, walikuwapo watu wapatao 20, wazee kwa watoto, waliomsindikiza mama mmoja aliyekuwa akienda Hija. Walikatazwa kuingia, na huko nje hapakuwa na kivuli wala kiti. Mama yule aliwaaga kwa kuwapungia mkono kupitia kioo. Niliutazama mlango usiofunguka, kisha nikawatazama watu waliozuiwa, nikajiuliza ni kipi kati ya viwili hivyo kilichosema kweli juu ya utamaduni wetu.

Swali hili si la anasa. Nchi yetu imejenga viwanja vikubwa: cha Kilimanjaro kilifunguliwa mwaka 1971, jengo la pili la abiria la Dar es Salaam lilianza kazi mwaka 1984, na la tatu mwaka 2019. Kiwanja cha Tanga ni kidogo, kimezoea ndege ndogo za kuunganisha mji na visiwa na Dar es Salaam. Lakini mji unabadilika. Bandari yake imeongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limeelekezwa Chongoleani, kaskazini ya mji. Panapo shughuli kama hizo, haja ya jengo kubwa la abiria haiwezi kuwa mbali. Siku hiyo wabunifu watawauliza wenyeji utamaduni wao ni upi ili wautie katika jengo. Wenyeji wasipokuwa na jibu walilolifikiri, watauziwa jibu lililokwisha tengenezwa, nalo litakuwa mlango uliopigiliwa ukutani.

Yafaa basi tuanze mbali kidogo. Watu wengi hudhani kwamba jengo la kungojea safari ni jambo geni, lililoletwa na ndege. Kwa hakika miji ya pwani yetu yenyewe ilikuwa vituo vya kungojea. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilishuka kwa kaskazi, navyo havikuweza kurudi mpaka kusi livume. Baina ya pepo hizo mbili nahodha, baharia na mfanyabiashara walikaa miezi. Walihitaji mahali pa kulala, maji, chakula, msikiti, na mtu wa kuwadhamini. Mji uliojua kuwakalisha watu hao ulistawi, na usiojua ulipitwa. Kwa hiyo sanaa ya kumpokea apitaye haikuwa pambo la maisha ya pwani. Ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ametuachia picha ya sanaa hiyo. Alisimulia kwamba chombo kilipofika Mogadishu, vijana walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua chakula katika sahani iliyofunikwa. Kijana alimpa chakula kile mmoja wa wafanyabiashara na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji yule, naye mwenyeji ndiye aliyemsimamia katika kuuza na kununua. Mombasa aliona jambo jingine dogo lakini lenye maana: penye milango ya misikiti palikuwa na maji na chombo cha kuyatekea, na mkeka mzito wa kufutia miguu, ili aingiaye aingie safi. Katika habari zote mbili mgeni hakuachwa aingie ovyo. Alizuiwa kwanza. Alizuiwa na mwenyeji aliyemdai kuwa mgeni wake, au alizuiwa na maji na mkeka. Lakini kuzuiwa huko kulikuwa heshima kwake na usalama kwa mji.

Nyumba ya mawe ya pwani ilijengwa kwa kanuni hiyo hiyo. Mbele ya mlango palikuwa na daka lenye baraza za mawe pande mbili. Mtu mwenye shughuli aliishia hapo, akakalishwa kivulini, akaletewa kahawa, na maneno yake yakamalizwa bila yeye kuona ndani. Aliyekaribia zaidi alivuka kizingiti akafika kiwandani, yaani ua wa ndani. Ndugu na jamaa walizidi kwenda, na chumba cha mwisho, kiitwacho ndani, kilikuwa cha wenyewe tu. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamriwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kuvuka nafasi kubwa. Lugha yetu imehifadhi utaratibu huo katika neno hodi na jibu lake karibu. Abishaye hodi asipojibiwa hana ruhusa ya kuingia, wala asiyeruhusiwa hakutukanwa. Kwa muhtasari naweza kusema kwamba nyumba ya pwani ilikuwa na ujuzi wa kumzuia mtu kwa heshima. Naomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana ndilo nitakalolipimia yote yafuatayo.

Mipaka ya ujuzi huo haina budi kutajwa pia. Kilomita chache kusini ya Tanga, katika nchi ya Mtang'ata, yako magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi yapatayo 40. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama katika mafungu ya pwani hiyo. Wareno wenyewe waliandika kwamba watu wa nchi waliwajia kwa mitumbwi na kuwauzia machungwa yaliyo bora kuliko ya kwao Ureno. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Wareno wengine waliiteka na kuichoma Mombasa. Machungwa hayakuwa ngome. Kumzuia mtu kwa heshima kwahitaji pande mbili, na mgeni asiyejua kizingiti humshinda mwenyeji asiyejua ila ukarimu.

Hata wenyeji nao hawakumheshimu kila mpitaji. Pangani, mji mzuri wa milango ya nakshi kwenye mlango wa mto, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya bara. Kwa njia hiyo zilishuka pembe, na kwa njia hiyo walishuka watumwa. Sayyid Barghash alipokubali mwaka 1873 kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, Pangani ilibaki kuwa mahali pa kuwavusha kwa siri kwenda mashamba ya karafuu ya Pemba. Watu hao walipita mbele ya milango ile ile tunayoipiga picha leo. Hawakukalishwa barazani. Nakshi, mnyororo wa mbao uliochongwa katika miimo, na misumari ya shaba vilitangaza cheo na mali ya mwenye nyumba, na sehemu ya mali hiyo ilitoka katika shingo za watu. Sisemi haya ili milango ichukiwe. Ni kazi ya mafundi hodari, na mafundi hawana lawama. Nasema haya ili tujue kwamba tukiuchukua mlango peke yake kuwa alama ya watu wote wa pwani, tumechagua alama ya wachache. Mdigo, Mbondei, Msegeju na Mzigua katika nyumba zao za miti na udongo hawakuwa na mlango wa nakshi. Baraza walikuwa nayo.

Mwaka 1888 Pangani iliona jinsi kizingiti kinavyovunjwa. Mwezi wa Aprili Sultani Khalifa alitia sahihi mkataba wa kuikodisha forodha ya pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, na mwezi wa Agosti mawakala wa Kampuni walikuja kushika kazi. Forodha ndiyo iliyokuwa mlango wa mji kwa upande wa bahari: ndipo palipoamuliwa nini kiingie, nani apite, na ushuru wa nani. Wenye mji walinyang'anywa mlango huo bila kuulizwa. Juu ya hayo yasimuliwa kwamba Wajerumani waliingia msikitini Pangani na mbwa. Fikiri umbali uliopo baina ya mkeka alioutaja Ibn Battuta na mbwa hao. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vilienea pwani nzima, na mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi, za biashara na za utawala, lakini heshima ya mlango ilikuwa miongoni mwake.

Baada ya hapo mlango wa Tanga ulijengwa upya kwa shabaha nyingine. Reli ilianza kujengwa mwaka 1893, ya kwanza katika koloni lile. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 tu iliyosalimika ndiyo iliyozaa mashamba yote yaliyofuata. Gati na stesheni zilipimwa kwa mizigo: robota za mkonge zishuke upesi, mashine zipande upesi. Msafiri alipangwa kwa madaraja, na kila mtu alilijua daraja lake kabla hajasoma kibao.

Waliokuja kwa wingi zaidi hawakuwa abiria kwa maana ya kawaida. Walikuwa wafanya kazi wa mashamba, kutoka Kigoma, kutoka nyanda za kusini, kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwaandikisha, iliyojulikana kwa jina la Silabu. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na namba hiyo ilitangulia jina lake. Huu ndio upokeaji ulio kinyume kabisa na ule wa sahani iliyofunikwa. Kule mgeni alipewa mwenyeji kabla hajakanyaga nchi. Huku alipewa namba kabla hajafika. Hata hivyo wengi wa manamba hawakuondoka. Walioa, walizaa, wakajifunza Kiswahili cha Tanga, nao leo ni wenyeji halali kama wa Mtang'ata. Atakayeuliza utamaduni wa Tanga ni upi, asiwasahau walioingia bila kubisha hodi kwa sababu hawakuulizwa kama wanataka kuja.

Wakati huo huo watawala waligundua faida ya kuvaa nguo ya wenyeji. Unguja, Mwingereza John Sinclair, aliyekuwa mtumishi wa serikali na msanifu wa majengo, alijenga Mahakama Kuu, iliyokamilika mwaka 1908, na jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925, kwa matao na makuba yafananayo na ya nchi za Kiislamu. Majumba hayo yapendeza, wala sioni ubaya kuyahifadhi. Lakini yatufundisha jambo. Tao halikumfanya hakimu kuwa wa kwetu, wala kuba halikumpa mwananchi kura. Sura ya kienyeji yaweza kutiwa juu ya utaratibu wowote, hata utaratibu wa kumdharau mwenyeji mwenyewe. Kwa hiyo atuambiaye kwamba jengo la abiria lina asili ya pwani kwa sababu lina matao, hajatuambia kitu bado.

Ndipo ikaja ndege. Katika miaka ya 1930 ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, zilianza kuchukua barua na abiria wachache katika pwani hii, na tangu mwaka 1946 kazi ikashikwa na Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lililovunjika mwaka 1977. Waingereza walipalinganisha mahali pa kutulia ndege na bandari, wakapaita hivyo katika lugha yao. Waswahili hawakufanya hivyo, ingawa bandari walizijua kuliko watu wengi. Walipaita kiwanja, au uwanja. Yamkini waliangalia tu ardhi tambarare iliyofyekwa. Lakini uwanja katika lugha yetu ni zaidi ya ardhi tupu. Ni nafasi iliyo mbele ya nyumba, ambapo mikeka hutandikwa siku ya arusi, ambapo watoto hucheza na wazee huamua kesi. Uwanja una nyumba nyuma yake na wenyeji kando yake. Jina hilo lingeweza kuwa shauri la kwanza kwa mbunifu, nalo tumelitumia miaka mingi bila kulisikiliza.

Mbunifu atakayeletwa Tanga yaelekea ataanza na shauri jingine. Atasikia kwamba jina la mji lafanana na tanga la chombo, naye atachora paa lenye umbo la tanga. Sitamlaumu. Ila namwomba akumbuke kwamba tanga halikufumwa lipendeze. Lilifumwa lishike upepo. Paa lenye umbo la tanga, lililozibwa kwa kioo kila upande na kupozwa kwa mashine usiku na mchana, si tanga bali picha yake. Paa la bapa lililoinuliwa na kuachwa wazi kulipokea kusi lafanya kazi ya tanga, hata kama halifanani nalo hata kidogo.

Kwamba jambo hilo lawezekana, mfano uko mahali ambapo mahujaji wetu wenyewe hupita. Jeddah, mwaka 1981, lilifunguliwa jengo la mahujaji lililosanifiwa na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill ya Marekani, na mhandisi wake alikuwa Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka. Ni mahema 210 ya kitambaa kigumu, yametundikwa juu ya nguzo za chuma, pande zake zi wazi, na hewa moto hupanda na kutoka juu. Lilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 1983. Hema ni alama ya jangwa, ni kweli. Lakini sifa ya jengo lile haiko katika alama. Waliolibuni walijiuliza mahujaji hungojaje. Walijibiwa kwamba hungoja kwa saa nyingi, kwa makundi, wamekaa chini pamoja na mizigo yao, wakila na kusali. Basi wakajenga kivuli kikubwa kwa watu wangojao hivyo. Umbo lilitoka katika mwenendo wa watu.

Nasi tujiulize vivyo hivyo. Mtu wa pwani husafirije? Hasafiri peke yake. Aendaye Hija, bibi arusi, mgonjwa apelekwaye hospitali kuu, mwanafunzi aendaye ng'ambo, kila mmoja husindikizwa na ukoo, na arudipo hulakiwa na ukoo. Kwa kila aingiaye ndegeni wako wengi waliobaki chini. Majengo mengi ya abiria huwahesabu wasindikizaji kuwa msongamano wa kuondolewa. Kwa mila yetu wao ni nusu ya safari. Jengo la Tanga lingeweza kuwa na baraza ndefu upande wa nje, yenye kina cha kivuli cha kutosha, maji ya kunywa na ya kutawadha, na mahali pa kuketi wazee, kabla ya mlango wowote wa askari.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba sheria za usafiri wa ndege ni za dunia nzima, na haziruhusu kila mtu kuingia. Ni kweli, wala siziombi zilegezwe. Kinyume chake, naona kwamba hapa ndipo urithi wetu unapofaa kuliko mahali pengine popote. Kiwanja cha ndege ni nyumba yenye daka, kiwanda na ndani. Kina watu waishiao nje, watu wafikao katikati, na watu wavukao kizingiti cha mwisho. Mababu zetu walijenga nyumba za namna hiyo kwa karne nyingi, na hawakuona kwamba aliyeishia nje lazima achomwe na jua. Sheria yasema nani asiingie. Haisemi kwamba asiyeingia asiketi.

Kisha iko lugha. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1962 alizikwa Machui. Hapana nakshi iwezayo kushindana na urithi huo. Mji uliomzaa wapaswa kumkaribisha mgeni kwa Kiswahili fasaha kwanza, katika vibao na katika matangazo, na lugha nyingine zifuate. Maneno yaliyo tayari yatosha: wanaowasili, wanaoondoka, forodha, mizigo, hodi na karibu. Hayahitaji kuchongwa, na gharama yake ni uangalifu tu.

Wakitaka mlango wa nakshi nao uwepo, na uwepo. Mafundi wapewe kazi na majina yao yaandikwe. Lakini mlango huo ufunguke. Watu wapite ndani yake, wenye tiketi ya bei kubwa na wajukuu wa manamba kwa pamoja. Na kabla ya kumlipa fundi wa mlango, alipwe kwanza fundi wa baraza, ili mama aendaye Hija aagane na watu wake wakiwa wamekaa kivulini.